Kiwanja Hakiokolewi kwa Fagio Peke Yake

Makomredi, nianze kwa kukiri kosa. Muhula uliopita, sisi kumi na wawili wa kitivo cha elimu tulibeba fagio, reki na magunia tukaenda kusafisha kiwanja cha umma kilicho nyuma ya soko, karibu na mtaa ninakokaa. Zamani watoto walicheza mpira hapo. Siku hizi ni jaa. Tulizoa taka tangu asubuhi hadi saa nane, tukapiga picha, tukaenda zetu. Wiki mbili baadaye taka zilikuwa zimerudi zote.

Mama mmoja anayeuza mboga pembeni aliniambia bila kuzunguka: "Mwanangu, mlikuja kutuonyesha kwamba sisi ni wachafu. Hakuna aliyetuuliza gari la taka liliacha kuja lini."

Jameni, niliona haya. Darasani tunafundishwa kwamba mwalimu huanza na kile mwanafunzi anachokijua. Mimi nilienda mtaani nikidhani najua kila kitu. Basi nikarudi kusoma jinsi wengine walivyookoa maeneo yao hapa Nairobi, na nimepata mafunzo matatu.

La kwanza: jueni eneo ni la nani. Bustani ya Jeevanjee, ambayo wengi wetu tunapitia tukienda mjini, ilitolewa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906 kwa ajili ya wakazi wa Nairobi. Mwaka 1991 kukawa na mpango wa kujenga maegesho ya magari ya ghorofa hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na mpango ukaachwa. Historia ya bustani ilikuwa wazi, kwa hiyo ilikuwa vigumu kwa yeyote kudai kwamba pale hapakuwa na mwenyewe.

La pili: mtu mmoja hatoshi, hata awe jasiri vipi. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na walinzi walipokwenda kupanda miti Karura, msitu uliokuwa umeanza kugawiwa wajenzi. Aliumizwa kichwani. Mwezi huohuo wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kuutetea msitu huo. Mnamo Agosti, Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Kumbe hata sisi wanafunzi tuna sehemu katika hadithi hiyo.

La tatu: kuzuia unyakuzi si sawa na kufufua. Kwa miaka mingi baadaye, watu waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya wahalifu. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango wa wananchi kusimamia misitu pamoja na serikali. Wakazi wakaungana na Shirika la Huduma za Misitu, ua ukajengwa, vijana wa vijiji jirani wakapewa kazi ya ulinzi. Leo familia hutembea humo na watu huendesha baiskeli. Aliyekuwa akikata kuni usiku akipata riziki halali ya kulinda msitu, ana sababu ya kuulinda.

Nikiwa na hayo kichwani, tulirudi kiwanjani. Safari hii tulibeba daftari tu. Jumapili tatu mfululizo tulikaa na mama mboga, watu wa bodaboda, wazee wa Nyumba Kumi na vijana wa mpira. Tuliuliza maswali matatu: nani hutumia kiwanja, saa ngapi, na nini humfukuza? Majibu yalitushangaza. Watoto walikuwa wameacha kucheza kwa sababu ya vipande vya chupa. Watu wa bodaboda walitaka kivuli, na walikuwa tayari kumwagilia miche kama ingepandwa. Akina mama walikubali kuchangia mkokoteni wa kubeba taka kila Ijumaa.

Kisha, wiki ya nne, tukakuta vigingi vya mipaka vimepigwa katikati ya kiwanja. Hakuna aliyejua ni vya nani. Zamani watu wangenung'unika na kuzoea. Safari hii, kwa kuwa tulikuwa tumeshazoea kukaa pamoja, jioni hiyohiyo kikao kiliitishwa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Tuliandika barua kuuliza kiwanja kimeandikishwa kwa jina la nani. Wakazi walitia sahihi kwanza, sisi wanafunzi tukafuata.

Leo ni siku ya kumi na nne. Jibu halijaja na vigingi bado vipo. Lakini Ijumaa iliyopita mkokoteni ulipita, na yule mama mboga ndiye aliyekuwa akihesabu magunia. Aliponiona akasema, "Mwalimu, umechelewa." Nikashika koleo.