Nianze na kitabu kipi kuhusu China?

*Naishi Luzira, natunza ghala karibu na bandari ya Port Bell. Jioni kijiweni hatuishi kubishana: huyu anasema Wachina wameshauchukua uwanja wa ndege wa Entebbe, yule anasema ni marafiki wanaotujengea tu. Nataka kusoma niielewe siasa ya China na uhusiano wake na nchi nyingine, ila uwezo wangu ni kununua kitabu kimoja kimoja. Nianze na kipi?*
*Mtunza ghala, Luzira*

Wengi hukimbilia vitabu vya China na Afrika. Wewe anza na chama tawala, Chama cha Kikomunisti. Tafuta *The Party* cha Richard McGregor, mwanahabari wa Australia, kilichotoka mwaka 2010. Humo utaikuta simu nyekundu iliyo mezani kwa wakuu wa mashirika makubwa ya umma. Ikilia, lazima ipokewe. Wakuu hao huteuliwa na chama. Ukishalielewa hilo, hutaiona tena benki ya Exim ya China, iliyotukopesha fedha za kupanua uwanja wa Entebbe, kama benki yoyote ya mjini. Kitabu kiliandikwa kabla Xi Jinping hajashika uongozi wa chama mwaka 2012, lakini tangu hapo mkono wa chama umezidi kukaza, haukulegea.

Kisha soma maisha ya Deng Xiaoping, kiongozi aliyeifungua China, yaliyoandikwa na Ezra Vogel (2011). Ni kitabu kinene, nawe waweza kuanzia mwaka 1978, uchumi ulipoanza kufunguliwa. Naona Vogel anampendelea Deng, kwa hiyo ukifika kwenye maandamano ya Tiananmen yaliyozimwa na jeshi mwaka 1989, soma kwa tahadhari.

Sasa njoo Afrika. *The Dragon's Gift* cha Deborah Brautigam (2009) kitakusaidia kutenganisha msaada, mkopo na biashara, mambo ambayo vijiweni huchanganywa. Ninachokipenda zaidi ni *The Specter of Global China* cha Ching Kwan Lee (2017). Mama huyu alifanya utafiti kwa miaka katika migodi ya shaba na sehemu za ujenzi nchini Zambia, akaonyesha kuwa serikali ya Kiafrika ikibana, hata shirika la dola ya China hulegeza. Kwenye shaba Zambia ilibana. Kwenye ujenzi haikufanikiwa hivyo.

Ukifika hapo, rudi Entebbe. Mkopo ule wa mwaka 2015 ulikuwa wa dola kama milioni 200, na kelele kwamba uwanja umechukuliwa zilipanda Novemba 2021. Mwaka 2022 watafiti wa AidData wa Marekani waliuchapisha mkataba wenyewe. Uwanja haukuwekwa rehani. Lakini kwa miaka 20 mapato ya uwanja mzima, siyo ya sehemu iliyopanuliwa tu, lazima yalipe deni kwanza, na mgogoro ukizuka huamuliwa Beijing. Kwa hiyo wenzako wote wawili wamekosea, na hoja nzito hawajaigusa: masharti hayo yalikubaliwa na nani upande wetu, na Bunge liliyasoma? Tena tusiseme hatuna njia nyingine. Januari 2023 Uganda ilivunja mkataba wa kujenga reli ya kisasa (SGR) na kampuni ya China, na Oktoba 2024 ikasaini na Yapi Merkezi ya Uturuki.

Kabla hujanunua, ulizia maktaba. Na ukimaliza cha McGregor, niandikie ulipokwama, tuendelee kutoka hapo.