SOMO LA MSUMENO WA MOTO: KUUCHAGUA NA KUUTUNZA

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmeniuliza, barazani na njiani, juu ya ule msumeno wa moto wa chama uliokufa kabla haujatimiza msimu mmoja. Wengine wamesema kwamba kijana aliyekuwa akiutumia alipe. Kabla Mkutano Mkuu haujakata shauri, nawaomba msome somo hili mpaka mwisho, kwani ndani yake mna jawabu la nani mwenye kosa, na mna mafunzo ya kutuepusha na kosa hilo mara ya pili.

Mashine ile tuliinunua kwa michango yetu ili tuondoe mikarafuu iliyokufa imesimama, tupate nafasi ya kupanda miche, na magogo yake yawe kuni. Ilifanya kazi siku chache, ikazimika, ikakataa kuwaka tena. Hapa kisiwani hatukupata wa kuifungua. Basi nilipopata safari ya kwenda kumtazama mjomba wangu Ngombezi, karibu na mji wa Korogwe, niliitia katika gunia nikavuka nayo hadi Tanga. Ngombezi ni nchi ya mkonge, lakini yuko huko fundi mmoja mtu mzima ambaye kazi yake ni kutengeneza misumeno ya wapasua mbao. Akaifungua silinda, akanionyesha pistoni. Ubavu wake ulikuwa umekwaruzika mistari mistari, kama ngozi iliyoparwa na paka.

Akasema, "Bwana Katibu, mashine hii imekunywa petroli tupu, haikuchanganywa na oili. Nani aliyekabidhiwa?"

Nikamjibu, "Kijana wetu mmoja, Mzee."

"Na nani aliyemfundisha?"

Nikanyamaza. Kitabu cha maelezo kilichokuja pamoja na mashine kilikuwa ndani ya kabati la ofisi, na mimi ndiye niliyekifungia humo. Nilikaa na fundi yule siku tatu, na haya ndiyo niliyoyapata kwake.

ASILI YA MSUMENO HUU

Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo uendao kwa umeme mwaka 1926, na wa petroli mwaka 1929. Ilikuwa mizigo mizito ya kushikwa na watu wawili. Mwaka 1950 kampuni yake ilitoa wa petroli wa kushikwa na mtu mmoja. Ama meno ya mnyororo tunayoyajua leo, asili yake ni mdudu. Mkata miti mmoja wa Oregon huko Marekani, Joseph Cox, mwaka 1946 alimtazama buu akitafuna gogo, mara kushoto mara kulia, akaiga taya zake. Ndiyo sababu meno ya mnyororo hupishana, moja la kushoto na moja la kulia.

KUCHAGUA

Kwanza tazama mti kabla ya kutazama mashine. Upanga wa msumeno, yaani lile bapa la chuma ambalo mnyororo hulizunguka, uwe wa kadiri ya miti unayoikata siku zote, na si ya mti mkubwa unaoukata mara moja kwa mwaka. Kwa kuni na matawi, upanga wa sentimita 35 hadi 40 na injini ya sentimita za ujazo 35 hadi 45 vinatosha. Kwa mikarafuu mikongwe na miembe ya kadiri, chukua upanga wa sentimita 45 au 50 na injini ya 50 hadi 60. Mashine kubwa kuliko hizo ni za wapasua mbao. Nzito ikimchosha mtu, mikono hulegea, na mikono ikilegea hatari huingia.

Pili, uliza vipuri kabla ya kuuliza bei. Mnyororo, plagi, chujio la hewa na pistoni vinapatikana wapi? Mashine ya rahisi isiyokuwa na vipuri ni chuma chakavu kinachongoja siku yake. Tena ziko mashine nyingi za kuigiza, zenye rangi na jina la mashine zinazosifika, na ndani hakuna kitu. Nunueni kwa muuzaji anayejulikana, na mpewe risiti.

PETROLI NA OILI

Hapa ndipo tulipoteleza. Injini ya gari ina oili yake peke yake chini ya injini. Injini ya msumeno haina. Oili yake huingia pamoja na petroli, na kama haimo, pistoni husuguana na silinda chuma kwa chuma. Dakika chache tu zinatosha kuiua.

Kipimo cha mashine nyingi za sasa, kwa oili nzuri ya injini za namna hii, ni moja kwa hamsini: lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili, yaani sehemu ya kumi ya lita. Oili nyingine hutaka moja kwa ishirini na tano, yaani mililita 200 kwa lita 5 hizo hizo. Fuateni kitabu cha mashine na maandishi ya kopo la oili, msikadirie kwa jicho. Changanyeni katika dumu safi, mlitikise, mliandike IMECHANGANYWA kwa rangi, na petroli tupu isikae karibu nalo. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi msiutie.

Iko oili ya pili, ya kulainisha mnyororo, nayo ina tangi lake. Kila mkijaza petroli, jazeni na hiyo. Kujua kama inatoka, elekezeni ncha ya upanga juu ya ubao mweupe, isiguse, kisha vuteni moto: mstari wa matone utaonekana. Msitie oili chafu iliyomwagwa katika gari, kwani imebeba chembe za chuma, huharibu pampu na upanga, na hudondokea udongo wetu.

MENO

Wazee wamesema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Fundi alinionyesha namna ya kujua bila kugusa jino: tazama kinachotoka. Msumeno mkali hutoa vipande, msumeno butu hutoa unga. Ukiona unga, au ukijikuta unaukandamiza mtini, zima. Anayekandamiza huiunguza injini na huutupa upanga mahali asipopataka.

Tupa ya mviringo iwe saizi ya mnyororo wako: milimita 4, 4.8 au 5.2 kwa minyororo iliyozoeleka. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya kiasi cha digrii 30, wala usirudishe tupa ikisugua. Kila jino lipate idadi moja ya misukumo. Upande mmoja ukizidi, msumeno hukata kombo. Mbele ya kila jino pana kijinundu kinachopima jino liingie mtini kiasi gani. Baada ya kunoa mara kadhaa jino hushuka, na kijinundu nacho kipunguzwe kwa tupa bapa, kibaki chini ya jino kiasi cha milimita 0.65. Kikishushwa mno, mashine hurukaruka.

Vitu viwili huua meno upesi: mchanga na mnazi mkongwe. Gogo lililoburutwa lifagiliwe kwanza, na ncha ya upanga isiguse ardhi.

KILA JIONI

Safisheni chujio la hewa, na mfereji wa upanga utolewe taka. Geuzeni upanga, wa juu uwe chini, ili ulike sawasawa. Mnyororo ukazwe ukiwa umepoa: ushike upanga kwa chini bila kuning'inia, na uvutike kwa mkono uliovaa glavu. Tazameni breki, kamba ya kuwashia na skrubu zote.

KUHIFADHI MTU

Mashine hununuliwa nyingine, mtu hanunuliwi. Jihadharini na pembe ya juu ya ncha ya upanga. Ikigusa mti, upanga wote huruka nyuma kuelekea uso wa mwenye kuushika, upesi kuliko anavyoweza kukwepa. Kwa hiyo mikono yote miwili ishike, kidole gumba cha kushoto kikizunguka mshikio, na breki ya mnyororo iwe nzima. Washeni mashine ikiwa chini, mguu ukiikanyaga kwenye mshikio wa nyuma. Vaeni kofia ngumu, miwani, vizibo vya masikio, viatu vizito na suruali ya kazi hii.

Msikate juu ya bega, wala msipande nao mkarafuu au ngazi. Matawi ya mkarafuu huvunjika bila kutoa habari, kila mchumaji anajua. Tawi la juu likatwe kwa msumeno wa mkono. Na mkarafuu uliokufa ugongwe kwanza kwa kisogo cha shoka. Ukilia kama ngoma, mchwa wameumaliza ndani, nao hautaanguka mnakotaka.

Tena msisahau sheria. Mkarafuu haukatwi bila idhini, na ipo Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya mwaka 2014. Miti mingine nayo ina kibali cha misitu. Kateni shauri na Bwana Shamba kabla ya kuwasha mashine.

MAOMBI YANGU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba Mkutano ukubali haya: mashine ikitengenezwa iwe na daftari lake, iandikwe nani kaichukua, kachanganya oili kiasi gani, na lini kanoa, vijana wawili wafundishwe na wao tu ndio waishike, na kitabu cha maelezo kitafsiriwe na kuning'inizwa ukutani.

Ama kijana wetu, alipewa mashine bila kufundishwa, akaitia petroli kama atiavyo kila mtu katika kila chombo. Asilipe. Bei ya pistoni na silinda naomba ikatwe katika posho yangu, kwani funguo za kabati lile ninazo mimi.

Wassalaam,

Katibu wa Chama