HADHANA: HAKI YA MTOTO KABLA YA HAKI YA WAZAZI



Juzi, baada ya sala ya Isha, alinijia mtu na suala. Amemwacha mkewe, eda imekwisha, naye amemchukua mwanawe wa miaka miwili akampeleka kwa dadake. Mtoto hanywi uji, na usiku kucha humlilia mamake. Akaniuliza: "Sheikh, mtoto si wangu? Nasaba si yangu?" Nikamjibu: "Mtoto ni wako na nasaba ni yako, lakini kumlea katika umri huu ni haki ya mamake kabla yako." Hakuridhika. Na kwa kuwa hayuko peke yake katika fikira hiyo, nimeona bora masala haya yawe ndiyo somo letu.

MAANA YAKE

Hadhana ni kumlea asiyeweza kujisimamia: kumlisha, kumuosha, kumlaza, na kumkinga na kila chenye kumdhuru. Asili ya neno hili katika Kiarabu ni ubavu, yaani pale mama anapompakata mwanawe.

Yako mambo matatu ambayo wengi wetu huyachanganya. La kwanza ni hadhana, nayo ni malezi. La pili ni nafaka, nayo ni chakula, nguo, makazi na dawa. La tatu ni wilaya, nayo ni kusimamia mali ya mtoto na kumuozesha binti. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, malezi ya mtoto mdogo hutangulizwa mama. Nafaka ya mtoto asiye na mali yake ni juu ya baba. Na wilaya ni ya baba. Kumpa mama la kwanza hakumwondolei baba la pili wala la tatu.

DALILI ZAKE

Amepokea Abu Daud ya kwamba mwanamke mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kumshtaki mumewe aliyemwacha, kisha akataka kumpokonya mwanawe. Akataja alivyomchukua tumboni, akamnyonyesha na kumpakata. Mtume akamhukumia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa.

Na katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar alimwacha mkewe wa Kiansari, naye amezaa naye mtoto aitwaye Asim. Siku moja akamkuta mtoto huyo akicheza uwanjani mwa msikiti wa Quba, akamshika mkono akampandisha juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto, mamake mama, akamzuia. Wakafika mbele ya Sayyidna Abubakar, kila mmoja akidai mtoto ni wake. Abubakar akamwamuru Umar amwachie bibi yule, na Umar hakujibu neno. Basi ikiwa Umar, na cheo chake, alinyamaza mbele ya hukumu, sisi ni nani hata tubishane?

HUKUMU ZAKE

Mama akikosekana, au akikosa sharti, hadhana huenda kwa mamake mama, kisha ndipo kwa baba. Na mlezi sharti awe na akili timamu, awe mwaminifu, na asiwe fasiki.

Mama akiolewa na mume asiye jamaa wa mtoto, haki yake huanguka. Akiolewa na ami ya mtoto, haianguki. Na yule aliyeolewa kando akiachwa, haki yake humrudia.

Mtoto akifika umri wa kupambanua, nao kwa kawaida ni miaka saba, hukhiyarishwa baina ya wazazi wake. Mtoto mwanamume akimchagua mama, hulala kwake usiku, na mchana huwa kwa babake amfunze adabu na kumpeleka chuoni. Akimchagua baba, si halali baba kumzuia asimzuru mamake.

Ama safari, ambayo imekuwa nyingi siku hizi, mama akienda Arabuni au baba akienda Ulaya kwa haja kisha arudi, mtoto hubaki na yule aliyebaki mjini hata msafiri arejee. Ama ikiwa ni kuhama kabisa, baba ndiye atangulizwaye, kwa sharti ya usalama wa njia na wa mji wendewao.

SHERIA YA NCHI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imewapa makadhi kuhukumu mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu baina ya Waislamu wanaokubali mahakama yao. Na kifungu cha 53 kimeweka maslahi ya mtoto mbele ya yote, na kuwabebesha wazazi wote wawili jukumu la kumtunza. Iko pia Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na Mahakama ya Watoto husikiliza madai ya malezi na matunzo. Basi asidhani mwenye kumnyakua mtoto njiani kwamba hakuna wa kumuuliza.

NASAHA

Enyi akina baba, msiseme: "Kama wataka watoto, usitake nafaka." Nafaka si ujira wa mama; ni haki ya mwanao, na deni hilo ni lako hata kama mwaishi miji miwili. Nanyi akina mama, msimfiche mtoto na babake, wala msimtie chuki moyoni. Kwani Mwenyezi Mungu, katika aya ya 233 ya Suratul-Baqara, amekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vile vile.

Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi. Wawili wakiachana, kila mmoja aweza kupata mwenziwe mwingine, lakini mtoto hapati mama mwingine wala baba mwingine.

Ama yule ndugu aliyenijia, nalimwambia amrejeshe mtoto kabla ya kulala, kisha kesho tuketi na wazee wa pande mbili tuandikiane nafaka na siku za kumzuru. Aliondoka kimya. Nasi twamuomba Mola amlainishe moyo, yeye na kila aliye mfano wake.

Wallahu aalam.