Kuanza sataranji ya kompyuta

Swali: Anayetaka kupambanisha programu za sataranji kwenye kompyuta yake aanzie wapi?

Jibu: Vinahitajika vitu viwili: injini na kiolesura. Injini hukokotoa hatua za kucheza, lakini haina ubao wa kuonekana. Stockfish, iliyoanza mwaka 2008, hupakuliwa bure na msimbo wake uko wazi kwa wote. Kiolesura, kama Arena au Cute Chess, huonyesha ubao, huhesabu muda na huhifadhi michezo. Huwasiliana na injini kwa itifaki ya UCI ya mwaka 2000: hutuma mpangilio wa kete na muda uliobaki, kisha injini hujibu hatua yake, mathalani e2e4.

Mwanagenzi anayetaka kucheza mwenyewe anaweza kupunguza uwezo wa Stockfish kwa kipimo cha 0 hadi 20. Injini mbili zinapopambanishwa, zipewe muda na kumbukumbu sawa. Kila mwanzo wa mchezo uchezwe mara mbili kwa kubadilishana nyeupe na nyeusi, kwa kuwa nyeupe huanza na nafuu kidogo. Michezo kumi haitoshi kuamua ipi bora. Injini zinazokaribiana huhitaji mamia.