Goti Likivimba, Kiuno Kikikaza

Mtu akiteguka goti uwanjani au akianguka na pikipiki, kwetu jambo la kwanza ni kubandika maji jikoni. Atakandwa, atachuliwa kwa mafuta, na hakosi mtu wa kujitolea kulivuta goti "lirudi mahali pake". Maji hayo yaepuliwe. Katika siku 2 au 3 za mwanzo goti huweza kuwa bado linavuja damu kwa ndani. Joto na kuchua huzidisha uvimbe, na kuvutwa ovyo kunaweza kumalizia kuchana kano iliyokuwa imechanika nusu.

Kinachofaa siku hizo ni baridi. Funga vipande vya barafu kwenye kitambaa, weka gotini kwa dakika 15, ondoa, rudia baada ya saa 2 au 3. Zungushia bandeji kuanzia chini ya goti kupanda juu, bila kubana hadi vidole vife ganzi, kisha lala ukiwa umeuinua mguu juu ya mito. Barafu inatuliza maumivu, haiponyi. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza ushauri wa barafu na mapumziko mwaka 1978, alikuja kukiri mwenyewe kwamba vyote viwili vikizidi huweza kuchelewesha kupona.

Kumbuka pia goti lilivimba saa ngapi, maana daktari atakuuliza. Likijaa ndani ya saa moja au mbili, hasa kama ulisikia mlio wa kitu kukatika, huenda kuna damu ndani, na kano au mfupa vinashukiwa. Likivimba kesho yake, mara nyingi ni gegedu. Usiyeweza kutembea hatua 4, usiyeweza kulikunja goti hadi pembe mraba, unayeumia ukibonyezwa pia ya goti, au uliyefikisha miaka 55, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Goti linalonasa lisinyooke, nalo halingoji.

Baada ya hapo kazi ni ya msuli wa mbele ya paja. Huo ndio unaolishikilia goti, nao husinyaa upesi mno mguu ukilazwa. Kaa mkekani, nyoosha mguu ulioumia, vingirisha kanga ifikie unene wa ngumi na uiweke chini ya goti. Ibonyeze kwa nyuma ya goti, polepole, huku ukivuta vidole vya mguu kuelekea kwako. Utaona msuli ukikaza na pia ya goti ikipanda kidogo. Hesabu hadi 5, achia. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ukishazoea, kaza msuli vivyo hivyo na uinue mguu mzima ukiwa umenyooka, shubiri moja kutoka mkekani. Baadaye simama na kukaa kwenye kiti bila kujishikiza kwa mikono. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. La kuangalia ni asubuhi yake. Goti likiamka limevimba zaidi, punguza.

Upasuaji si lazima kwa kila aliyekatika kano ya ndani ya goti. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2010 uliwaanzishia baadhi ya vijana wa namna hiyo mazoezi kwanza, na baada ya miaka 2 zaidi ya nusu yao hawakuwa wamehitaji kufanyiwa upasuaji wa kano. Na aliyepasuliwa asikubali kurudishwa uwanjani kabla ya miezi 9, hata kocha akimbembeleza vipi.

Kiuno nacho kinateswa na kitanda. Kikikaza ghafla, lala siku moja au mbili ukilazimika, kisha amka utembee hata kama ni kuzunguka nyumba. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo mkekani. Inua makalio taratibu, tulia kidogo, shusha. Kisha piga magoti na viganja chini, ubinue mgongo juu na kuushusha. Maumivu yaliyokuwa yakishuka mguuni yakianza kurudi juu kuelekea kiunoni, ni dalili njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi.

Mikanda ya kiuno inauzwa kila kona, na inanisikitisha kuona watu wakiimalizia fedha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haupendekezi mikanda hiyo kwa maumivu sugu ya kiuno. Unapendekeza mazoezi na elimu. Diklofenaki ni ya siku chache, si ya kununua dukani kila wiki: huchubua tumbo, huumiza figo na hupandisha presha.

Ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kugoma au kutoka chenyewe, miguu kuishiwa nguvu: hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Na mgongo unaouma wiki hadi wiki, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, upimwe kifua kikuu, kwani hushambulia hata uti wa mgongo.

Kazi irudiwe kidogo kidogo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji kabla ya kuhesabu ndoo yenyewe. Kiuno kinachopona kianze na madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono. Kunja magoti, sogeza mzigo karibu na mwili ndipo uinue, na ukitaka kugeuka, geuka kwa miguu.