Dondoo muhimu: Chakula cha shule bila kuacha taka

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, lakini makaratasi ya biskuti na chupa za juisi bado vinajaa kwenye mabegi ya watoto wetu.

• Nunua kopo la stili, likianguka halipasuki. Ukichagua plastiki, geuza kitako utafute namba 5 ndani ya pembetatu: aina hiyo huhimili joto.

• Mwache mtoto alifungue na kulifunga mwenyewe kabla hujalipa. Wengine hurudi na chakula kwa sababu tu mfuniko umewashinda.

• Usimwekee chakula kwenye kopo lililokuwa na rangi, dawa au sabuni, hata ukilisugua vipi.

• Pakia vitu visivyohitaji kufungwa: ndizi, chungwa, kiazi kitamu, yai la kuchemsha lenye ganda lake.

• Wali, nyama na maharage visikae kwenye kopo la kawaida zaidi ya saa 2. Tumia hotpoti: isuuze kwa maji yanayochemka, mwaga, kisha pakua chakula kikiwa moto kabisa.

• Vua mpira wa mfuniko kila jioni, uoshe na kuuanika. Ukungu hujificha hapo, na wazazi wengi hawapafikii.

• Andika jina kwenye kopo na kwenye mfuniko pia.

• Mwambie arudi na mabaki, asiyatupe shuleni, ili kesho upunguze kipimo.