Kukodi Seva ya Wingu: Fahamu Gharama Kabla Ankara Haijakufikia



Zamani aliyetaka kuendesha tovuti au mfumo wa hesabu alinunua kompyuta yake na kuiweka ofisini. Leo wenye maduka, shule na vyama vya akiba na mikopo hukodi seva kupitia intaneti na kulipa kwa saa. Utaratibu huu wa kompyuta za wingu umewapunguzia wengi mzigo wa mtaji. Hata hivyo, bei inayotangazwa huwa ni sehemu tu ya kile kitakachokatwa. Katika somo hili tunaeleza gharama nyingine hutoka wapi na namna ya kujikinga nazo.

Si kama LUKU

Wengi wetu tumezoea mita ya LUKU. Unalipa kwanza, na uniti zikiisha umeme hukatika; hasara yako ni giza. Seva ya wingu kwa kawaida huenda kinyume. Unatumia kwanza, mita huhesabu usiku na mchana, kisha fedha hukatwa kwenye kadi yako mwisho wa mwezi. Hakuna uniti za kuisha, na kwa hiyo hakuna kinachoizuia ankara kupanda.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kituo cha masomo ya ziada kilichokodi seva ya Amazon Web Services iliyoko Cape Town. Tuseme seva na diski yake ni dola 20 za Marekani kwa mwezi. Kituo kinaweka video ya somo yenye megabaiti 60, nayo inatazamwa mara 10,000. Data iliyotoka ni gigabaiti 600.

Kwa bei zilizotangazwa wakati wa kuandaa somo hili, gigabaiti 100 za kwanza kila mwezi ni bure, na kila gigabaiti inayofuata ni dola 0.154. Gigabaiti 500 zilizobaki ni dola 77. Anwani ya IP ya umma, ambayo tangu Februari 2024 hutozwa dola 0.005 kwa saa, huongeza dola 3.65 kwa saa 730 za mwezi. Jumla ni dola 100.65, yaani mara tano ya bajeti, kabla ya kodi na makato ya benki ya kubadilisha fedha.

Gharama hujificha wapi?

1. *Data inayotoka.* Kuingiza data kwa kawaida ni bure; kuitoa hulipiwa. Kadiri wateja wako wanavyoongezeka, ndivyo ankara inavyopanda.

2. *Seva iliyozimwa.* Kuzima si kufuta. Diski, nakala rudufu na anwani ya IP huendelea kutozwa. Kwa baadhi ya watoa huduma, hata seva yenyewe hutozwa bei kamili hadi utakapoifuta.

3. *Kipindi cha majaribio.* Ofa ya bure huwa na ukomo wa muda au wa kiasi. Soma kinachotokea ukomo huo ukifika: je, huduma inasimama, au kadi inaanza kukatwa?

4. *Funguo zilizoibwa.* Mwizi akipata nenosiri au funguo za siri za akaunti yako anaweza kuwasha seva nyingi kwa jina lako, mara nyingi ili kuzalisha sarafu za kidijitali.

Tahadhari si kizuizi

Watumiaji wengi huweka kiwango cha bajeti wakidhani huduma itasimama kikifikiwa. Mara nyingi kiwango hicho hutuma barua pepe tu. Seva huendelea kufanya kazi. Isitoshe, takwimu za matumizi zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Mwaka 2024 mteja mmoja wa kampuni hiyohiyo alikuta deni la zaidi ya dola 1,300 kwa ghala la data lililokuwa karibu tupu. Programu ya watu wengine ilikuwa imewekewa jina la ghala lake kama mfano, na mifumo mingi ilituma humo karibu maombi milioni 100 kwa siku moja. Maombi hayo yalikataliwa, lakini yalitozwa. Mteja aliandika kulalamika, deni likafutwa, na mwezi wa Mei mwaka huo kampuni ikatangaza kuwa maombi ya aina hiyo hayatatozwa tena. Tunajifunza kwamba ankara inaweza kuhojiwa.

Hatua za kuchukua

- Kabla ya kujiunga, uliza bei ya data inayotoka, diski, nakala rudufu na anwani ya IP.
- Ikiwa biashara yako ni ndogo, fikiria kifurushi cha bei moja kwa mwezi. Hakikisha unajua kinachotokea kikizidi.
- Weka tahadhari katika nusu ya bajeti yako, si mwishoni.
- Tumia kadi yenye ukomo wa matumizi, lakini kumbuka kuwa malipo kukataliwa hakufuti deni.
- Washa uthibitishaji wa hatua mbili, na usimpe fundi nenosiri kuu la akaunti.
- Kagua matumizi kila wiki, na futa usichokihitaji.
- Ukiona tozo usiyoielewa, piga picha ya ukurasa wa matumizi, simamisha huduma husika, na mwandikie mtoa huduma siku hiyohiyo. Tunza majibu yake; utayahitaji ukileta lalamiko kwetu.

Maswali ya kujipima

1. Je, unajua ni gigabaiti ngapi zilitoka kwenye seva yako mwezi uliopita?
2. Ukizima seva leo, ni vitu gani vitaendelea kutozwa?
3. Nani mwingine ana funguo za akaunti yako?

Iwapo umeshindwa kujibu hata moja, fungua ukurasa wa matumizi leo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la seva yako lipo tayari, linasubiri kusomwa.